Ushauri Niliompa Baba Mdogo Kuhusu Pijo

Kwa miaka minne duka langu la spea hapa Migori lilikuwa na rafu moja ambayo mteja haruhusiwi kuigusa. Ilikuwa ile ya juu kabisa, nyuma ya makopo ya grisi. Hapo niliweka vifuniko vinne vya magurudumu, usukani mwembamba mweusi, kabureta iliyofungwa kwa gazeti, saa ya dashibodi, na vikorokoro vingine vya gari moja la zamani aina ya pijo. Watu wakiuliza bei nilisema haviuzwi. Wakiuliza kwa nini, nilisema ni kumbukumbu ya marehemu baba, na hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa namlipiza baba mdogo kisasi, kipande kwa kipande, naye alikuwa akinishukuru kila mara.

Sitajifanya mtu mwema hapa. Nilifanya kwa makusudi, nilifanya kwa uvumilivu, na siku nyingi nilifunga duka jioni nikiimba.

Baba alikuwa mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Pijo alilinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa lile refu la familia, lenye viti vya mistari mitatu, gia yake iko kwenye usukani, na rangi yake ni ya chai iliyozidi maziwa. Baba hakupata mtoto wa kiume. Alinipata mimi peke yangu, na hilo halikumnyima usingizi. Nilipofika darasa la sita niliweza kufungua kabureta, kuisafisha kwa petroli na kuirudisha bila skrubu hata moja kubaki mkononi. Alikuwa na sheria asiyoivunja: kitu kikiharibika, tafuta kile kile. Kama hakipo, subiri mpaka kipatikane. Aliwahi kungoja taa ya nyuma miezi mitano, akiendesha mchana tu, kuliko kufunga taa ya gari lingine.

Kitu kimoja tu ndicho alichoongeza kwenye gari lile kwa hiari yake, nacho ni keria ya juu. Siku hizo mtu wa kwetu akifia hospitali ya mbali, kumrudisha nyumbani azikwe ilikuwa mateso kwa familia. Baba aliamua gari lake lifanye kazi hiyo. Kabla ya kwenda kwa mchomeleaji wa Oyugis alilala chali kwenye sakafu ya karakana yake, akakunja mikono kifuani, akaniambia nishike futi nimpime, kisha niongeze upana wa mbao. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Keria ilitengenezwa kwa mabomba ya maji, ikafungwa kwa bolti nane zilizopenya paa na kushika vizuri kwenye mbavu zake, na kwa miaka mingi marehemu wa kijiji chetu walirudi nyumbani wakiwa juu yake.

Kila walipofika daraja baba alipunguza mwendo, akafungua dirisha na kumwita marehemu kwa jina. Akamwambia, "Tunavuka mto sasa. Twende nyumbani." Kwetu wapo wanaoamini kwamba asipoambiwa atabaki hapo mtoni. Mama ni Msabato wa kweli kweli na mambo ya kuongea na maiti hayataki hata kuyasikia, lakini jioni moja, akimwangalia baba akiosha keria, alisema bila kugeuka, "Siku yangu ikifika, mnipeleke na hili. Sitaki gari la kukodi." Baba akaninyooshea kidole, akamjibu kwamba gari amekwisha kunipa mimi, basi aniombe mimi. Baba mdogo, yaani mdogo wake wa pekee, alikuwa amekaa pale pale akinywa uji, na alisikia vizuri sana.

Baba aliugulia kwangu Migori, kwani nilikuwa nimeolewa huku, na akafia hospitali ya huku. Nilimpigia baba mdogo simu, nikamwomba aje na pijo kutoka nyumbani tumchukue mwenyewe. Alikuja na gari jeupe la kukodi, lenye vioo pande zote, mapazia ya zambarau na taa za kuwakawaka. Aliniambia hatuwezi kumpeleka mtu mkubwa na gari kuukuu, watu watatuonaje. Yeye wakati huo alikuwa na matrekta mawili ya kubeba miwa pale Awendo, na alijali sana watu watamwonaje. Dereva wa kukodi aliweka nyimbo za injili kwa sauti ya juu, akakanyaga mafuta. Tulipofika daraja la Migori nilipiga kelele apunguze. Hakunisikia. Tulilivuka mbio, na madaraja yote yaliyofuata tuliyavuka mbio. Mtu aliyewaambia wengine wote kwamba wanavuka, yeye hakuambiwa na mtu.

Matanga yalipokwisha, vitu vya marehemu viligawanywa. Nguo zilikwenda huku, msumeno na randa zikaenda kule. Ilipofika zamu ya gari, baba mdogo alisimama, akaenda nyuma ya mlango, akaondoa ufunguo kwenye msumari wake na kuutia mfukoni. Aliwatazama wazee, hakunitazama mimi. Akasema mtoto wa kike aliyeolewa ni mtu wa kwa watu, na gari likienda Migori litakuwa mali ya ukoo mwingine. Wazee wakaitikia. Mama aliinamisha kichwa. Nilirudi Migori nikiwa na shati moja la baba kwenye mfuko wa plastiki, na roho iliniuma mpaka nikaona uchungu wa kweli mdomoni.

Mwaka mzima sikusema naye. Kisha asubuhi moja akasimama mbele ya kaunta yangu, mikono imechafuka. Pijo lilikuwa limezima Awendo na likavutwa kwa trekta mpaka kwa fundi wangu jirani, Mkuria mmoja mpole anayejua injini kama watu wengine wanavyojua shamba lao. Kwa sababu ya fundi huyo tuliongea Kiswahili, kila mtu cha kwake.

"Nyara," baba mdogo aliniita, yaani binti yangu kwa Kijaluo, kana kwamba hakuna lililotokea. "Hii kabureta imeniletea shida. Fundi anasema iko spea yake kama ninaweza pata. Wewe unaonaje?"

Spea ile ilikuwa nyuma yangu. Ningenyoosha mkono tu. Nilimtazama, nikaona mfukoni mwake kitanzi cha ngozi cha ufunguo wa baba, na hapo ndipo jambo lote lilinijia, zima, kama vile mtu alikuwa amelipanga tayari akanikabidhi.

"Hizo spea ziliisha zamani, baba mdogo," nikasema. "Na hata ukipata, mtu kama wewe utaendesha injini ya mwaka gani? Weka ya Kijapani. Nitakutafutia safi, utaenda Homa Bay na kurudi na mafuta kidogo."

"Unaonaje lakini? Si ni sawa?"

"Ni sawa kabisa."

Mtu asiyefanya kazi yangu huenda haoni nilichokuwa nafanya. Miaka hiyo nilikuwa nimeanza kupata simu kutoka Nairobi, kwa watu wanaotafuta magari ya zamani. Hawataki yaliyotengenezwa yakang'aa. Wanataka lile lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, injini ikiwa na namba ile ile iliyo kwenye logbuku, viti vile vile hata kama vimepasuka, rangi ile ile hata kama imepauka. Kila unachobadilisha kinaondoa kitu kwenye bei. Lakini kuna siri: ukibadilisha kwa kufungua na kufunga tu, na vile vya zamani ukavihifadhi, hujapoteza kitu, maana siku yoyote unaweza kuvirudisha. Nilijua kwamba naweza kumfanya baba mdogo aharibu gari kwa mikono yake, kwa jasho la matrekta yake, mpaka lisiwe na thamani kwa mtu yeyote. Na kila alichong'oa kitakuja kwangu. Siku atakayolitupa nitaliokota, nitalirudishia viungo vyake, na mama atapata gari lake. Nilimwambia fundi, "Chochote ukitoa kwa hii gari, usitupe. Niletee."

Injini ya baba niliifunika kwa turubai kwenye stoo. Kila mwisho wa mwezi niliizungusha kwa mkono na kuitia mafuta.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Baba mdogo alipenda kusifiwa kuliko alivyopenda ugali, na mimi nilikuwa na sifa za kutosha. Magurudumu ya chuma na vifuniko vyake alivitoa akaweka rimu pana za kung'aa. Gari likashushwa hadi likawa linakwangua barabara kwenye kila tuta. Alinipigia simu kwanza kuniuliza naonaje, nami nikamwambia amechelewa. Keria ya baba ikawa haiendani tena na gari lililoinama hivyo, akaifungua. Hiyo peke yake haikunifikia. Nilipoulizia, alisema ameipeleka nyumbani itafutiwe kazi.

Gia ya kwenye usukani ikahamia chini, kwa hiyo sakafu ikatobolewa kidogo, shimo la kuzibika. Viti vikavuliwa vikaja kwangu, vitatu virefu, vikaandamana ukutani mwa stoo kama abiria wamesahaulika. Alivyoweka yeye vilikuwa vyekundu, na herufi za jina lake zimeshonwa mgongoni. Rangi ndiyo iliyonichoma. Siku aliponiletea kipande cha karatasi chenye rangi za kuchagua, kidole chake kilikuwa kwenye ile ya samawati isiyo na makelele. Nilikisogeza kidole hicho mpaka kwenye zambarau yenye chembechembe za kumeta.

"Hii? Si ni ya vijana, nyara?"

"Wewe ni mzee?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Alilipuliza zambarau. Zambarau kama mapazia ya gari lile la kukodi, na nilichagua nikijua ninachofanya.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo nililiona kila mara na sikulijali. Hakuwahi kubadilisha kitu bila kuniuliza. Alikuwa na wanawe wawili watu wazima, alikuwa na marafiki wenye magari, lakini alisafiri kutoka Awendo mpaka kaunta yangu kwa ajili ya hata kitasa cha mlango. "Wewe unaonaje, nyara?" Nilidhani ni ujinga wake tu, na ujinga huo ulinifurahisha.

Mwaka wa nne alitaka kugombea kiti cha mwakilishi wa wadi. Alikuja dukani na kofia mpya, akazungukazunguka lile gari lake nje, akaniuliza kama limebaki na upungufu wowote.

"Imebaki kitu moja tu," nikamwambia. Nilikuwa nimekula vizuri siku hiyo, nina raha. "Mheshimiwa hasalimii watu kwa dirisha, baba mdogo. Anasimama, anatokea juu, anapunga mkono. Umeona wapi kiongozi amekaa chini kama abiria?"

Alilitazama paa muda mrefu. "Unaonaje, tutoboe?"

"Toboa!" nikasema, na sote watatu tukacheka, mimi, yeye na fundi. Kwangu ilikuwa utani. Akaondoka, nami nikarudi kwenye daftari la maagizo.

Wiki zilipita. Kura ya mchujo ilimwangusha vibaya, trekta moja likapinduka na miwa, na mwenyewe akaanza kuzungumza habari za kuuza gari. Niliona wakati umefika. Nilimtumia kwenye simu picha ya pijo kama la baba lililouzwa Nairobi, la rangi iliyopauka, viti vimechanika, pamoja na bei yake. Alinipigia papo hapo. Alikuwa anahema.

"Kama hiyo imechoka hivyo imepata hii pesa, hii yetu ambayo tumeipamba je?"

Alisema yetu. Hilo pia nililisikia na nikalipita. Nilimwambia namfahamu mnunuzi, nitamleta mwenyewe Homa Bay.

Nilitaka afike mchana, watu wawe wengi, na ikawa hivyo. Baba mdogo alikuwa amechinja kuku, amealika wazee wale wale waliogawa vitu vya baba, na mama amewekewa kiti kivulini karibu na ghala. Gari lilikuwa katikati ya uwanja, limefunikwa turubai ya kijani kama jiwe la msingi linalosubiri mgeni rasmi. Miaka minne nilikuwa nimeingoja sura ya baba mdogo ya dakika ile.

Mnunuzi alikuwa mtu wa makamo, suruali imepauka magotini, na mfukoni ana sumaku ndogo aliyoivisha soksi ya mtoto. Akaitembeza juu ya mlango, huku akiinua turubai upande mmoja. Mahali sumaku ilipoteleza alijua chini ni fila ya kuzibia mabonyeo, si bati. Akafungua boneti, akachungulia, akafunga.

"Injini ya kwake iko wapi?"

"Hii ni bora," baba mdogo akasema. "Hii ni ya Kijapani."

"Naona. Nauliza ya kwake. Na viti? Na hii gia ilikuwa juu, nani ameishusha?" Aliuliza kwa upole, kama daktari. "Mzee, pole, lakini kila pesa uliyoweka hapa, mimi lazima niiondoe. Hii ingekuwa nzima, hata imechoka, ningekupatia bei ile ulionyeshwa na chai juu yake. Hivi sasa naona gari ya kujaribu kurudisha. Kama vitu vyake vipo mahali, inarudishika. Kama havipo, sioni gari."

Wazee waligeuziana nyuso. Mmoja akacheka puani. Baba mdogo alikuwa ameshika pembe ya turubai na mdomo wake umebaki wazi, na mimi nikamtazama mpaka nikashiba. Nakiri nilishiba. Nilimwona baba akivuka daraja bila kuambiwa, nikamwona huyu amesimama uchi mbele ya watu aliowaogopa maisha yake yote, nikasema moyoni, ndiyo hivi, sasa tuko sawa. Ukiacha keria, vitu vyote vya gari vilikuwa kwangu, hata skrubu. Nilibakisha tu kungoja alitupe.

Mnunuzi akavuta turubai yote ikaanguka.

Katikati ya paa palikuwa na shimo la mraba, pana kiasi cha mtu mnene kusimama, limezungushiwa mpira mweusi na kuwekewa kifuniko cha kioo. Mbavu mbili za paa zilikuwa zimekatwa kwa grainda, na si kwa mkono wa fundi wangu. Kwenye kingo niliona matundu sita tu kati ya manane ya bolti za baba. Mawili yalikwenda na bati.

"Hii sasa hairudi," mnunuzi akasema. Alipanda kwenye kizingiti cha mlango, akapapasa yale matundu kwa kidole. "Hapa palikuwa na keria. Ya zamani, naona, imefungwa na mtu anayejua kazi. Hiyo ingekuwa nzuri sana. Mwenyewe akiongeza kitu cha kazi yake, na kikae miaka yote hiyo, hicho ni historia ya gari, mimi nakilipia. Lakini mbavu zikikatwa, hata ukichomelea, paa linabeba mvua tu. Halibebi mzigo." Akashuka, akapangusa mikono. Alitaja bei ambayo watu wa vyuma chakavu wangetaja, akaomba maji ya kunywa, na hakungoja kuku.

Nilisikia mama akiuliza kutoka kivulini, si kwa sauti kubwa, "Watanilaza wapi?"

Hasira zilinipanda zikaniziba masikio. Nilimfuata baba mdogo pale pale uwanjani, kwa Kijaluo sasa, sikujali nani anasikia. Nilimwita mwizi. Nilimwambia alimnyima baba safari yake na sasa amemnyima mama. Nilimuuliza ni shetani gani alimtuma akate paa.

Alinitazama kwa mshangao wa mtu asiyeelewa anaulizwa nini.

"Wewe," akasema. "Nilikuuliza, ukasema nitoboe."

Mmoja wa wazee akaweka kikombe chini.

"Kila kitu nilikuuliza," akaendelea. "Hakuna nati niliyoifungua bila kukuuliza. Mimi si nilikuwepo siku kaka alipokupa? Nililichukua mbele ya wazee kwa sababu niliona haya kusema mbele yao kwamba mwanamke amerithi gari. Baadaye nikashindwa namna ya kulirudisha. Nikasema, basi angalau nifanye anavyotaka mwenyewe. Wewe ndiye ulitaka zambarau." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo wenye kitanzi cha ngozi, akauweka juu ya boneti. "Chukua. Sikujua kwamba ulikuwa unanicheka."

Ningependa kuandika kwamba nilimsamehe, lakini sikumsamehe, na leo bado. Mtu anayejua kitu ni chako kisha akakaa nacho miaka kwa kuona haya, kosa lake halipungui. Lakini kuanzia siku ile chuki yangu kwake imeharibika kama maziwa, kila nikiifungua nasikia harufu yangu mwenyewe. Natamani asingenisikiliza. Natamani sana angekuwa amefanya kwa ubishi wake.

Nilichukua ufunguo. Kabla ya kuondoka nilizunguka boma lake nikaikuta keria ya baba nyuma ya zizi, imefanywa mlango wa ndama. Niliifungua mwenyewe, na ndama wakatoka wakatawanyika kwenye mahindi yake. Sikugeuka kuwatazama.

Fundi wangu Mkuria amefanya kazi ile kwa miezi saba. Injini imerudi ikanguruma siku ya kwanza. Viti vimerudi, gia imepanda mahali pake, saa ya dashibodi inatembea. Rangi ya zambarau tumeikwangua kwa mkono na chini yake, sehemu nyingi, tumekuta chai ya baba bado ipo. Paa tumelipata kutoka pijo lililokufa Isebania, tukakata kipande na kukichomelea. Kovu lake linaonekana ukiwa ndani, mraba mzima, hata likipakwa rangi. Keria tumeirudisha kwa bolti nane. Nilimuuliza fundi kama itabeba. Akagonga paa kwa vifundo vya vidole, akasikiliza.

"Madam, mimi siwezi danganya wewe. Hapa weka gunia ya majani. Mtu, hapana."

Ijumaa moja mama alikuja Migori kliniki ya presha. Baada ya dawa aliniambia nimwonyeshe gari. Alilizunguka mara moja akiwa na mkoba wake kifuani, kisha akaniamuru nitoe viti vya nyuma. Nikadhani anatania. Nikavitoa. Alivua viatu, akavipanga vizuri sakafuni mwa gereji, akaingia kwa mlango wa nyuma, akalala chali na kukunja mikono. Nilichukua futi bila kuambiwa. Miguu yake ilipita kidogo, lakini mlango ungeweza kufungwa kwa kamba.

Alikaa hivyo akitazama juu, kwenye lile kovu la mraba lililokuwa usawa wa uso wake.

"Ni hapa shemeji alipokuwa anasimama?"

"Ndiyo, mama."

"Na ni wewe uliyemwambia."

"Ndiyo."

Nilingoja aseme jambo la Biblia kuhusu kusamehe. Alijaribu kusogeza kichwa upande huu na ule, akitafuta pa kukilaza.

"Basi siku hiyo utaendesha wewe," akasema. "Polepole. Na yeye atakaa hapo mbele, karibu yako. Mkifika daraja mfungue madirisha, mniambie kama baba yako alivyokuwa anawaambia watu. Halafu mniambie, mmoja baada ya mwingine, kwa nini niko humu ndani na si juu."

Akanyoosha mkono nimsaidie kuamka. Nilimpa viatu vyake, nikapiga magoti nikamfunga kamba. Jioni ile nilimpigia baba mdogo simu, mara ya kwanza tangu siku ya turubai, nikamweleza amri ya mama.

"Nitasema nini, nyara?" akaniuliza. "Wewe unaonaje?"